Lori la Waya Limekwama Mpemba

Mwambie mtoto wa darasa la tatu aandike hadithi, na mara nyingi utaletewa sungura na fisi. Walikuwa marafiki sana, wakaenda kulima, wakagombana, fisi akafa, na hadithi yangu imeishia hapo. Sina ugomvi na sungura, ametulea sote. Ila mtoto huyohuyo, saa moja kabla ya kushika kalamu, alikuwa nyuma ya nyumba pale Sogea au Maporomoko, Tunduma, akisukuma lori la waya na kunguruma kwa mdomo, akibishana na mwenzake kwamba foleni ya mpakani imefika Mpemba na leo hakuna gari la kuvuka. Dereva anaye. Mzigo anao. Ana utingo aliyetoroka kwenda kula chipsi, na askari asiyetaka kuelewa. Hadithi imekamilika kabisa, ila hakuna aliyemwambia kwamba hiyo nayo ni hadithi na inafaa kuingia daftarini.

Mzazi, mlezi au mwalimu unayesoma hapa, ushauri wangu wote unazunguka jambo moja. Mtoto akianza na kitu anachokichezea, huna haja ya kumfundisha kwanza habari za wahusika na mandhari. Vyote anavyo tayari, mkononi. Kazi yako ni kuuliza vizuri, kutafuta karatasi, na kunyamaza panapostahili. Hilo la tatu ndilo gumu.

Mkoa wetu wa Songwe, tangu ulipokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, umezoeleka kusemwa kwa kahawa, mahindi na mpaka. Kwa mtoto, mpaka ndio karakana ya vitu vya kuchezea. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapenya katikati ya Tunduma na kuvukia Nakonde. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nayo inapita hapahapa. Njia ya Sumbawanga inachepuka mjini. Ile ya Ileje na mpaka wa Malawi inachepuka Mpemba. Malori ya shaba yanashuka, matenki ya mafuta yanapanda, na mtoto aliyekaa kibarazani anayajua kwa mlio kabla hayajatokeza kwenye kona.

Basi anaunda anachokiona. Waya unatoka kwenye tairi lililochomwa au uzio uliochakaa. Kichwa cha lori hukunjwa kwanza, kisha chesisi, halafu tela. Matairi ni ndala kuukuu zilizokatwa duara kwa wembe, au vizibo vya soda vilivyogongwa kwa jiwe vikawa bapa. Bodi ni dumu la mafuta ya kula lililopasuliwa ubavu. Mwisho unakuja usukani, na hapo ndipo unapomtambua fundi: waya mrefu unaopanda kutoka ekseli ya mbele hadi kifuani kwa dereva, ili aendeshe akiwa amesimama wima, akikata kona kwa kuzungusha mkono, bila kuinama. Wapo wanaoweka na sahani ya namba, na kwa kuwa huku ni mpakani, gari linaweza kuwa limesajiliwa Lusaka. Wengine hufunga makasha ya viberiti kwa uzi, wakapata treni ya mabehewa saba. Huko Mbozi msimu wa mahindi mabichi, wasichana husuka nywele za hindi mikia miwili, wakalifunga hindi kipande cha kitenge kilichookotwa kwa fundi cherehani, na tayari kuna mtu wa kubebwa mgongoni.

Nataja vitu hivi kwa urefu kwa sababu mzazi wa mjini hudhani kitu cha kuchezea ni kile cha dukani, na kama hajakinunua basi mtoto hana. Mwanasesere wa plastiki wa sokoni si mbaya, na mtoto anaweza kumpenda hadi kulala naye. Lakini kitu alichokiunda mwenyewe kina faida moja kubwa kwa mwandishi mchanga: kimeshapita safari. Waya uliombwa mahali. Ndala ilikuwa ya mtu, na huenda mtu huyo bado anaitafuta.

Ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, watoto huunda magari hayahaya na kuyaita galimoto. Karen Lynn Williams, mwandishi Mmarekani aliyewahi kuishi nchini humo, alitoa mwaka 1990 kitabu cha picha kwa jina hilohilo, Galimoto. Kisa chenyewe ni cha mvulana Kondi anayezunguka huku na huko kutafuta waya wa kutosha kuunda gari lake. Ndiyo basi. Hakuna jini, hakuna mfalme, hakuna hazina iliyofukiwa. Mtoto anatafuta waya, watu wazima wanamshuku, anaeleza, anapata, anaendelea. Watoto wa Marekani wakaketi kukisoma. Mtoto wa huku kwetu Chapwa aliyezunguka gereji tatu akiomba waya na kufukuzwa kwenye mbili ana kisa cha uzito uleule, tena ni cha kwake.

Sasa tuingie kazini. Usianze na daftari. Anza na mdomo, na uanze wakati mchezo unaendelea, si baada ya kumwita ndani akanawe mikono akae mezani. Ukimwita tu umeshaligeuza jambo kuwa kazi ya shule, na uso wake utakwambia hivyo. Toka wewe. Chuchumaa, au keti kwenye ndoo iliyopinduliwa, uulize kama mtu anayetaka kujua.

Maswali yako yana uzito. Wengi tunauliza: gari lako lina rangi gani? Lina matairi mangapi? Mtoto anajibu kwa neno moja, na mazungumzo yanakufa, kwa sababu anaona kabisa kwamba jibu unalo. Uliza juu ya shida. Hadithi yoyote, iwe ya Shaaban Robert au ya mtoto wa miaka minane, husogea kwa sababu mtu anataka kitu na kuna kinachomzuia. Mtoto hahitaji kuambiwa kanuni hiyo. Iguse tu kwa swali. Mazungumzo huweza kwenda hivi:

"Hilo lori limebeba nini, mwanangu?"

"Shaba."

"Inatoka wapi?"

"Kongo. Inaenda bandarini."

"Sasa mbona limesimama?"

"Dereva amepoteza karatasi ya forodha, mama."

"Heh! Imekwenda wapi?"

Hapo atanyamaza. Usimjazie. Usiseme "labda imepeperushwa na upepo, eeh?" kwa maana atakubali ili akuridhishe, na hadithi itakuwa yako. Kaa kimya. Atatazama gari, atatazama uani, atamwona mbuzi wa jirani. "Imeliwa na mbuzi."

Baada ya jibu la namna hiyo, swali la kuuliza ni moja tu: "Ikawaje?" Neno hilo bibi zetu walilitumia jikoni wakati viazi vikiiva, na mpaka leo hakuna kitabu cha ualimu kilicholishinda. Mtoto akifika mahali akacheka mwenyewe kwa alichokisema, hapo ndipo pa kumwambia: "Hilo la mbuzi usije ukalisahau. Hebu liandike, jioni baba akirudi tumsomee." Umempa msikilizaji na umempa saa. Mtoto anayejua nani atasikia huandika tofauti kabisa na yule anayejua mwalimu atapiga vema.

Utakacholetewa jioni huenda kikawa hivi: "Gali langu limebeba shaba toka kongo. Delva akaweka kalatasi juu ya bodi akaenda chooni. Mbuzi akala. Delva akalia. Mbuzi akasema nimesha kula sio kosa langu mimi sijui kusoma."

Mistari mitano. Mzazi mwenye haraka ataona gali, delva, kalatasi, na kongo isiyo na herufi kubwa. Atakosa kumwona mbuzi, ambaye amesema sentensi ambayo watunzi wengi wakubwa wangefurahi kuitunga. Kalamu nyekundu ikae mbali siku hiyo. Watoto wetu wa nyanda za juu kusini huchanganya r na l kwa sababu lugha nyingi za nyumbani hazitofautishi sauti hizo, na jambo hilo hurekebika kwa kusoma sana, taratibu. Mtoto aliyekatwa mistari mitano kwa wino mwekundu atakuandikia tena sungura na fisi, kwa sababu huko tahajia anaikumbuka. Siku ya pili au ya tatu, mkisoma tena pamoja, chagua kosa moja tu. Moja. Mwonyeshe kwamba "nimeshakula" huandikwa pamoja, aliandike upya akitaka, mengine yasubiri zamu yake.

Lugha nayo. Tunduma mtoto anaamka na Kinyamwanga, anacheza kwa Kiswahili, anasikia Kibemba cha upande wa pili kabla ya saa sita. Vwawa ni Kinyiha, Ileje ni Kindali. Dereva wake wa waya akimtukana utingo kwa Kinyamwanga, mwache amtukane kwa Kinyamwanga, kwa kadiri ya adabu ya nyumba yako. Ndivyo madereva wanavyofanya. Masimulizi yakae katika Kiswahili kwa kuwa ndicho anachojifunza kuandika shuleni, lakini maneno yanayotoka vinywani mwa wahusika yawe yale anayoyasikia kweli. Hadithi ambayo kila mtu ndani yake anazungumza kama mtangazaji wa taarifa ya habari haina uhai.

Mtoto wa chekechea au darasa la kwanza, ambaye kuandika kwenyewe bado ni kazi ya jasho, asilazimishwe. Yeye aseme, wewe andika. Sharti ni uandike alivyosema, si alivyopaswa kusema. Akirudia "akaenda akaenda akaenda" mara tatu, ziandike zote tatu, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Kisha msomee huku kidole chako kikifuata maneno. Ataona, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba yale madoa meusi kwenye karatasi ni sauti yake. Kama nyumbani anayeshinda na mtoto ni bibi asiyejua kusoma, msidhani hana nafasi. Bibi ndiye msikilizaji bora kuliko wote: hawezi kuona makosa ya tahajia, na hakubali hadithi isiyo na kichwa wala miguu. Atauliza, "Sasa huyo mbuzi aliadhibiwa?" Mtoto arudi akaandike.

Kuna kisa cha zamani kutoka Uingereza ambacho kila mzazi angepaswa kukijua. Juni 1826, kasisi mmoja wa kijiji cha Haworth, Patrick Brontë, alirudi kutoka mji wa Leeds na kisanduku cha askari 12 wa mbao kwa ajili ya mwanawe wa kiume, Branwell, aliyekuwa anakaribia kutimiza miaka tisa. Asubuhi dada zake watatu, Charlotte, Emily na Anne, wakakimbilia kila mmoja askari wake, wakawapa majina. Kutokana na askari wale watoto wanne wakaanza kusimuliana, wakabuni nchi, miji, vita na magazeti. Halafu wakafanya jambo la akili sana: wakatengeneza vitabu vidogo, baadhi visivyozidi sentimita tano, vyenye herufi ndogo mno, vya kuwatosha askari wenyewe kuvisoma. Karatasi hazikuwa za dukani; walitumia mabaki, hata karatasi za kufungia sukari. Mwaka 1847 dada wale watatu, sasa watu wazima, walichapisha riwaya kila mmoja, na Jane Eyre ya Charlotte inasomwa hadi leo vyuoni Afrika Mashariki.

Sisemi mwanao atakuwa Charlotte Brontë. Ninachokitaka kwenye kisa hicho ni ule udogo wa kitabu. Ukurasa mzima wa daftari la mistari humtisha mtoto; ni uwanja mkubwa na yeye ana sentensi nne. Kitabu cha kumtosha dereva wa lori la waya kinajaa upesi, na mtoto hupata raha ya kumaliza. Kukitengeneza hakuhitaji fedha. Chukua karatasi moja ya A4, hata iliyoandikwa upande mmoja, ikunje katikati mara tatu. Piga mishono miwili ya sindano na uzi kwenye mkunjo wa mwisho, kisha pasua mikunjo mingine kwa kisu. Umepata kijitabu cha kurasa 16 kinachoenea kwenye kiganja. Ikiwa karatasi ina maandishi upande mmoja, utapata kurasa safi nane, nazo zinatosha. Jalada likatwe kwenye mfuko wa saruji, tabaka la katikati ambalo halina vumbi. Ni gumu kuliko karatasi ya kaki na halipatikani kwa shida katika mji unaojengwa kila siku. Mtoto achore lori mbele, aandike jina lake kama mtunzi, na nyuma aandike bei akipenda. Watoto wanapenda sana kuandika bei.

Zipo siku mtoto atasema hana la kuandika, na atakuwa anasema kweli. Mpe safari. Mwambie lori limepata tenda ya kuhamisha kimondo cha Ndolezi, pale Mbozi, kukipeleka Dar es Salaam. Kimondo kina urefu wa mita tatu hivi na hukadiriwa kuwa na tani 16. Semi ya kweli hubeba karibu tani 30, kwa hiyo uzito si tatizo. Tatizo ni nani atakinyanyua kukipakia, wazee wa pale watasema nini, na kule mizani watakiandikia bidhaa gani. Mtoto wa darasa la tano atakaa na fumbo hilo mchana kutwa. Au mpeleke mwanasesere wa hindi sokoni siku ya mnada, ambako kila anayemwona anataka kumchoma. Shida hiyo ni ya kweli kwa mwanasesere wa hindi. Inachekesha, na inatisha kidogo pia.

Lakini hadithi nzuri zaidi, kwa maoni yangu, hutoka kwenye kitu kilichoharibika au kupotea. Tunakosea kumnyamazisha mtoto haraka: "Nyamaza, nitakununulia kingine." Lori lililokanyagwa na bodaboda, mpira wa nailoni uliotumbukia kisimani, mwanasesere aliyesahaulika kwenye basi la Sumbawanga, hawa wanaacha swali ambalo mtoto hulala nalo. Yuko wapi sasa? Nani amemwokota? Mwache alie kwanza, bila kumharakisha. Baada ya siku mbili tatu mwulize: unadhani basi lilipofika Laela, aliamka? Hapo ataandika kurasa mbili bila kusukumwa, kwa sababu anamtafuta mtu. Hindi la kitenge nalo hunyauka ndani ya wiki. Msichana aliyeona uso wa mwanasesere wake ukisinyaa siku hadi siku amekutana na jambo ambalo washairi wamelihangaikia karne nzima, na ana haki ya kulisema kwa maneno yake.

Simu mtaniuliza. Mtoto anayeshinda na mchezo wa magari kwenye simu ya baba anaweza pia kuandika, ila nimeona ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa kule njia imeshachorwa na wengine, na lori likigonga linaanza upya lenyewe. Mwenye lori la waya, ekseli ikikatika, lazima atafute waya. Tuyaache hayo.

Zawadi je? Peremende moja si dhambi. Ila ukimlipa mtoto kwa kila hadithi, utaletewa hadithi nyingi, fupi, zinazofanana. Malipo yanayofaa ni kusomwa. Hadithi ya jana itajwe leo mbele ya shangazi: "Huyu ndiye mwenye yule mbuzi asiyejua kusoma." Baba aliye dereva wa masafa, anayekaa wiki mbili kati ya Kitwe na Dar es Salaam, asomewe kwa simu, au akute vijitabu vitatu vinamsubiri juu ya kabati. Madereva ni wasomaji wakali wa hadithi za malori. Watasema breki haziwi hivyo, na mtoto atarekebisha, kwa hiari yake, kile ambacho asingekirekebisha kwa fimbo.

Tahadhari mbili, na zote mbili ni nzito. Ya kwanza. Mwaka 1926 A. A. Milne, Mwingereza, alichapisha Winnie-the-Pooh, kitabu kilichojengwa juu ya dubu wa kitambaa na wanasesere wengine wa mwanawe, Christopher Robin. Kikapendwa dunia nzima, na wanasesere wenyewe sasa wamehifadhiwa kwenye maktaba ya umma ya New York. Mtoto yeye alitaniwa na wenzake shuleni kwa sababu ya kitabu kile, na ukubwani akaandika waziwazi jinsi umaarufu huo ulivyomkera. Baba alikuwa na nia njema. Siku hizi hatuna haja ya mchapishaji: picha moja ya daftari kwenye status, na ukoo mzima pamoja na mteja wako wa mchele wa Kamsamba wameshasoma. Mwulize mtoto kwanza. Akikataa, imeisha. Na usimwandikie wewe hadithi nzuri zaidi halafu ukaiita yake.

Ya pili. Wanasesere husema mambo ambayo mtoto hasemi. Hadithi ya baba wa waya anayeondoka asirudi inaweza kuwa hadithi tu, au mtoto amemkumbuka baba yake. Usimhoji kama polisi wala usimchape kwa kuwa ameandika kwamba mama wa mwanasesere hupiga kelele. Ukifanya hivyo mara moja, daftari litafichwa moja kwa moja. Lakini ikiwa mwanasesere anapigwa katika kila hadithi, au anashikwashikwa na mtu mzima, au mtoto anaandika kwamba hataki kurudi mahali fulani, usipuuze na usimalize suala hilo kifamilia kimyakimya. Zungumza na mtoto kwa upole, kisha mwone ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako au dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bure.

Walimu wangu, najua madarasa yalivyojaa, na najua mtaala haujaacha nafasi ya michezo ya waya. Siwaombi kipindi kipya. Ijumaa, kipindi cha mwisho cha Kiswahili, ruhusuni kila kundi la wanafunzi sita walete kitu kimoja cha kuchezea. Kiwekwe juu ya dawati. Mmoja aandike, watano wabishane anaandika nini. Mabishano ndiyo somo lenyewe. Dakika kumi za mwisho, kundi moja tu lisome kwa sauti, jingine wiki ijayo. Mpate kwanza idhini ya mwalimu mkuu, maana shule nyingi zina sanduku la gololi na manati zilizonyang'anywa, na mtoto akiona lori lake linaingia sanduku hilo hataamini tena neno lenu. Manati zibaki nyumbani, hapo sibishani. Msiweke maksi. Hadithi zinazotoka vizuri zishonwe pamoja ziwe kitabu cha darasa, kiwekwe kwenye kona ya kusomea karibu na vitabu vya kiada. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, umetuonyesha kwamba mtoto husoma kwa hamu kitabu kinachozungumza maisha anayoyajua. Kitabu kilichoandikwa na mwenzake wa dawati la nyuma kinazungumza maisha hayo kwa karibu kuliko chochote kinacholetwa na lori la vitabu.

Wazazi wengine wataniambia mtoto ana upimaji wa darasa la nne mbele yake na huku ni kupoteza muda. Jibu langu ni kwamba mtihani wa Kiswahili unamtaka aelewe habari aliyoisoma na aandike sentensi zinazofuatana. Mtoto aliyeandika vijitabu ishirini vya lori amefanya hilo mara ishirini bila kuitwa ndani.

Wakati mzuri wa kuanza ni likizo ya Juni, baridi ya Tunduma inapowabana watoto ndani asubuhi, au Desemba na Januari mvua inapofanya barabara za uani zisipitike kwa gari lolote la waya. Mahitaji ni penseli, sindano, uzi na karatasi, na hapo nina ombi kwa wenye stationari, kuanzia Tunduma mjini hadi Vwawa na Itumba. Kila siku mnakata karatasi, mnaharibu fotokopi, mnatupa fomu zilizopitwa na wakati, na jioni mnazichoma. Wekeni boksi moja mlangoni. Mtoto akija na lori lake kuomba, mjazieni mzigo.